Kati ya Mfuko na Bomba

Bweni la Wasichana, Chumba Namba 14
4 Machi

Kaka,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, zikibaki na nafasi. Leo nimekasirika.

Mama ameniambia umepewa barua ya kujieleza. Ameniambia pia kwamba lile bomba la maji linalopita mbele ya nyumba yake, ambalo wewe mwenyewe ulimwonyesha kwa kidole ukasema "hili nimelitoa kwa mikono yangu", limepasuka mara tatu tangu Januari, na sasa amelifunga kwa mpira wa baiskeli na kulikandamiza kwa jiwe. Na kiwanda, badala ya kuuliza plastiki ile ilitoka wapi, kinauliza mkono wako ulikuwa wapi. Eti uliiunguza. Eti uliweka moto kupita kiasi.

Miaka kumi na mmoja unaiendesha mashine ile. Unaijua kwa mlio, kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Mtu wa namna hiyo haamki asubuhi moja akasahau joto. Basi ninauliza swali ambalo kila mfanyakazi anayeonewa hana budi kuuliza: wewe ukiitwa mkosaji, nani anabaki msafi?

Nisikilize, maana hili ndilo ninalolisomea. Plastiki ni minyororo midogo isiyoonekana, mabilioni kwa mabilioni, nayo hailingani kwa urefu. Mifupi inateleza, inaipunguzia mashine kazi. Mirefu inang'ang'aniana, inaichosha mota, lakini ndiyo inayoshika. Anayetaka kuliibia bomba nguvu zake hagusi uzito wala unene, kwa kuwa hivyo vina mizani na rula. Anagusa urefu wa minyororo. Nani atamwona?

Nataka vitu vitatu: kipande cha bomba la mama, kipande cha bomba la zamani ambalo halijawahi kupasuka, na konzi moja ya chembe kutoka kwenye mfuko wa plastiki ya mabomba. Vifunge, uvikabidhi kwa mpokea vifurushi wa kituo cha mabasi. Usinipigie simu. Simu yako inashinda juu ya meza ya chakula hapo kazini, na simjui hata mmoja wa wanaokula mezani hapo.

Mimi sijambo. Nawe usikubali kuwa na jambo.

Mdogo wako,
Kiberiti

*

13 Machi

Kwa mheshimiwa Kiberiti, mkuu wa wenye hasira wote,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kama mtu anayesikiliza hotuba uwanjani. Nilipofika mwisho nilitaka kupiga makofi, nikakumbuka niko chooni, mahali pekee kiwandani ambapo mtu anaweza kusoma bila kuulizwa anasoma nini.

Vitu vyako hivi hapa. Bomba la mama nimelikata pale pale penye ufa. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, umenyooka, hauna hata dalili ya kuvutika. Sijawahi kuona bomba langu likifa hivyo. Chembe amenipa mtunza ghala, yule mzee tunayemwita Mzee Funguo kwa sababu ya lile furushi la chuma analolivaa kiunoni. Nilimwomba konzi moja akanipa bila kuniuliza za nini, kisha akanitazama muda mrefu kama mtu aliye na neno, halafu akalimeza.

Kikao cha kunihoji kilikaa Jumanne. Meneja akaniuliza, "Fundi, uliongeza moto?"

Nikamwambia, "Bwana Meneja, tangu mwaka jana nimeupunguza. Plastiki ya siku hizi inateleza yenyewe kama sabuni. Mashine haijawahi kuimba vizuri hivi."

Akaandika. Sijui aliandika nini, ila alikuwa anatabasamu, na tabasamu la Meneja huwa halinipendezi.

Amesema nitajibiwa kabla Aprili haijaisha: kubaki au kuondoka. Mama usimwambie hilo. Na wewe usigombe na mtu huko kwa ajili yangu. Mimi sina ujuzi mwingine, mdogo wangu. Ukiniondoa kwenye mashine ile mimi ni mwanamume mwenye mikono mikubwa tu.

Kaka yako

*

2 Aprili

Kaka,

Keti kwanza. Ukiwa chooni, funga mlango kwa komeo.

Hapa chuoni tuna mashine inayopanga minyororo kwa urefu. Unayeyusha plastiki ndani ya kimiminika cha moto, unaipitisha kwenye bomba jembamba lililojaa vijiwe vyenye matundu, mirefu inatoka mwanzo, mifupi inapotelea matunduni na kutoka mwisho. Inachora mlima: mwinuko wake unakuonyesha ipo mingapi ya kila urefu. Msimamizi wa maabara alinipa zamu yake baada ya mimi kumsumbua wiki mbili.

Bomba la zamani lilichora mlima mmoja mpana. Chembe zako zikachora mlima mmoja pia, tena umesogea upande wa minyororo mirefu. Plastiki ngumu, yenye kiburi, inayostahili kuzikwa ardhini miaka hamsini. Bomba la mama, kaka, lilichora nundu mbili. Mbili, kama ngamia! Nundu kubwa ni ya chembe zile zile ulizonitumia. Ya pili ni ya minyororo mifupi mno, ya kutengenezea vitu vya kununua leo na kutupa kesho. Mtu amechanganya.

Tena si mjinga. Nilipima na ile namba mnayoiita ya kuteleza, yaani plastiki iliyoyeyuka inapenya kiasi gani kwenye tundu kwa dakika kumi. Bomba la zamani na bomba la mama yana namba ile ile! Amechanganya kwa kipimo, ngumu na laini, mpaka wastani ukalingana na ule wa zamani, ili chombo chenu hapo kiwandani kisigutuke. Nimewahi kusikia habari za wezi wa mbao na wezi wa ng'ombe. Huyu ni mwizi aliyesoma.

Unataka kujua kwa nini linapasuka? Kumbuka nilivyokuwa nikilia mama akinisuka. Nywele fupi zinachanika bila vita, lakini msuko haushiki; zile ndefu zinavunja chanuo, lakini msuko wake unadumu mwezi. Plastiki ikipoa, minyororo hujikunja kwenye madonge madogo. Mnyororo mrefu unaingia donge hili, unatoka, unaingia la pili, la tatu, unayashona pamoja. Mfupi unaishia donge moja. Ukiichanganya mifupi kwa wingi, mishono inapungua, na maji yakisukuma usiku na mchana mishono iliyobaki inachomoka mmoja mmoja. Ndiyo maana bomba linafaulu mtihani wenu wa saa moja na kufeli mtihani wa miezi saba. Ndiyo maana ufa wako umenyooka.

Sasa, chembe zilizo mfukoni ni safi. Bomba ni chafu. Kati ya mfuko na bomba kuna nani? Kuna ghala. Na ghalani kuna mzee mwenye furushi la chuma kiunoni anayemeza maneno. Nieleze: mifuko unayoletewa ni ya rangi gani? Huja imefungwa, au imekwisha kufunguliwa? Umewahi kumkuta akimimina?

Jibu haraka. Nitamwasha.

Kiberiti

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekupata.

Mzee Funguo usimguse. Ndiye aliyenipokea siku ya kwanza, akanionyesha pa kuweka sahani yangu. Si mwizi.

Hayo mambo ya nundu yaache kwanza. Mashine ya chuo nayo ni mashine, inaweza kukosea. Mimi nitajitetea kwa namna yangu. Wiki hii kazi ni nzito, mota inanguruma, Meneja anauliza kwa nini mabomba yamepungua. Sina nafasi ya kuandika zaidi.

Kaka yako

*

14 Aprili

Kwa Meneja wa Kiwanda

YAH: MABOMBA YANAYOPASUKA NA FUNDI ANAYEONEWA

Bwana Meneja,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya plastiki, na ni mdogo wake fundi unayemtuhumu. Sikufichi undugu huo, kwa sababu wanaoficha mambo katika shauri hili tayari wanatosha.

Naambatisha michoro mitatu ya maabara. Itakuonyesha, bila kunihitaji mimi, kwamba plastiki iliyotoka ndani ya mabomba yako si ile iliyoandikwa juu ya mifuko yako. Imechanganywa na plastiki dhaifu, kwa kipimo cha makusudi, ili kukihadaa chombo chako cha ukaguzi. Moto haufanyi nundu mbili. Fundi hafanyi nundu mbili. Nundu mbili hufanywa na mwenye funguo za mifuko miwili.

Je, ni haki mwenye mashine ahukumiwe na mwenye ghala akae kivulini? Je, ni haki mikono inayofanya kazi ndiyo ifungwe, na mikono inayofungua makufuli iachwe? Nakuachia majibu. Lakini fahamu kwamba nakala ya waraka huu nimeipa kichwa "Panya wa Ghala", nimeibandika kwenye ubao wa chama cha wanafunzi, na wameisoma wengi.

Wako katika ukweli,
Mwanafunzi, Idara ya Sayansi ya Plastiki

*

29 Aprili

Kwa binti msomi,

Mimi ndiye panya.

Nimeonyeshwa waraka wako na Meneja mwenyewe. Umeandika vizuri. Wakati nausoma nilijikuta nami namchukia huyo mtunza ghala, mpaka nikakumbuka ni mimi.

Jumatatu nilirudishwa nyumbani. Meneja alinyoosha kiganja, akasema, "Mzee, funguo." Nilidhani ananiita kwa jina langu la utani, nikaitika. Kumbe anazidai. Nikavua mkanda mbele ya karani na wapakiaji, nikabaki nashikilia suruali kwa mkono mmoja. Miaka ishirini na sita. Mke wangu aliponiona nimerudi saa nne asubuhi akaniuliza, "Nani amekufa?"

Sikukuandikia nikulilie. Nakuandikia kusahihisha hesabu yako, maana naambiwa msomi akisahihishwa hufurahi. Umeuliza kati ya mfuko na bomba kuna nani, ukanikuta mimi. Lakini mimi kazi yangu inaishia mlangoni kwa ghala. Mfuko ukishatoka huko unasukumwa hadi kwenye mashine, unachanwa, unamiminwa kwenye faneli. Anayemimina ni nani, mwanangu?

Ghala langu lina plastiki ya aina mbili, ya mabomba na ya ndoo, kwa sababu kiwanda chetu kinatengeneza vyote viwili. Kila mfuko ukitoka unatiwa sahihi. Tangu Mei mwaka jana upande wa mabomba umekuwa ukichukua, kwa kila mifuko mitatu ya mabomba, mfuko mmoja wa ndoo. Sikuwa na sababu ya kuukataa. Mimi natoa mifuko; minyororo sikufundishwa kuisoma. Daftari la sahihi analo Meneja, pamoja na funguo. Sidhani kama amelifungua.

Sahihi yenyewe sitakutajia ni ya nani. Nitakuambia tu kwamba unaifahamu. Ipo chini ya kila fomu ya shule uliyowahi kujaziwa, mahali palipoandikwa "mlezi".

Mwambie mama yako namsalimu.

Mtunza ghala wa zamani

*

3 Mei

Kaka,

Niambie anasema uongo.

Niambie mzee yule ameiga sahihi yako, daftari limechezewa, Meneja na yeye wamekaa pamoja wakaitunga. Niambie lolote kati ya hayo nitaamini, nitaamini hata lile baya kuliko yote. Lakini nimesoma tena barua yako ya Machi: "Mashine haijawahi kuimba vizuri hivi." Nimesoma tena ile ya Aprili: "Yaache kwanza." Nilikuuliza rangi ya mifuko, ukanijibu habari za sahani.

Mifuko ya mabomba iliyobaki ilikwenda wapi? Uliiuza? Kwa nani? Nani alikutuma? Nilikuwa najitayarisha kupigana na dunia kwa ajili yako, sasa sijui nasimama upande wa nani.

Usiniandikie utani.

K.

*

12 Mei

Mdogo wangu,

Sijauza hata chembe moja.

Mwaka jana mwezi wa nne ililetwa shehena mpya ya plastiki ya mabomba. Ngumu ajabu, hiyo hiyo uliyoipenda kwenye mchoro wako. Mashine ilikataa kuimeza. Mota inanguruma, umeme unakatika, bomba linatoka na mikwaruzo kama limelambwa na paka. Meneja kila baada ya saa anasimama nyuma yangu, anatazama saa yake. Nikapima namba ya kuteleza, nikaikuta chini mno kuliko ya zamani.

Ndipo nikaikumbuka barua yako.

Si hizi za mwaka huu. Ile ya kwanza kabisa, uliyoniandikia wiki ya kwanza ya chuo. Naijua kwa moyo: "Kaka, leo tumefundishwa siri ya plastiki. Minyororo yake haina urefu mmoja, kwa hiyo tunachukua wastani. Ukiujua wastani wake, umeijua plastiki yenyewe." Niliibandika kwa utepe kwenye mashine, kando ya vitufe vya moto. Wenzangu walikuwa wanapita wananitania, "Fundi, leo wastani umeamkaje?" Nami najibu, "Amka wewe, wastani haulali." Nilikuwa nasikia raha. Mimi niliyeacha shule darasa la nane nina siri ya chuo kikuu juu ya mashine yangu.

Basi nikafikiri: kama wastani umeshuka, kuna plastiki ya ndoo, laini, yenye namba kubwa. Nikichanganya, wastani utapanda. Nilijaribu siku tatu. Mmoja kwa mmoja, ikazidi. Mmoja kwa miwili, bado. Mmoja kwa mitatu, namba ikagonga pale pale pa zamani. Nilitamani kukupigia simu. Mabomba yakatoka laini, yanang'aa, yakafaulu mtihani wa presha. Rangi nyeusi inafunika kila kitu. Sikuwaza hata mara moja kwamba nimefanya kosa, Kiberiti. Niliwaza nimefanya kazi ya msomi.

Barua yako ya nundu mbili iliponifikia nilikuwa nacheka mpaka hapo ulipoandika "mwizi aliyesoma". Nikasimamisha mashine. Siku hiyo hiyo nikaacha kuchanganya. Lakini ningekujibu nini? Kwamba mwizi ni mimi, na aliyemsomesha ni wewe?

Halafu ukaandika kwa Meneja. Aliniita, akanishika bega, akasema kesi yangu imefutwa. Nikafungua mdomo. Akasema pia kwamba kuanzia Mei mimi ni msimamizi wa zamu. Nikaufunga. Mama amefurahi sana, amewaambia majirani.

Kuna jambo jingine, nalo silali kwa ajili yake. Uwanjani kuna mabomba ya mchanganyiko wangu ambayo hayajachukuliwa. Tarehe 20 Juni yanapakiwa kwenda kupeleka maji kwenye zahanati mpya.

Sasa unajua. Nitukane.

Kaka yako

*

7 Juni

Kaka yangu,

Wiki tano sikukuandikia. Mimi! Ungefikiri nimekufa. Niliandika barua kumi na moja nikazichana, kwa sababu kila moja ilianza kwa kumshutumu mtu, na kila nilipofika mstari wa nne mtu huyo alikuwa mimi.

Ulitaka nikutukane. Sikiliza nilichokifanya mimi. Somo la minyororo lilikuwa na vipindi viwili. Kipindi cha kwanza mwalimu alifundisha wastani, nami nikakimbia kukuandikia kama kuku aliyetaga. Cha pili sikuhudhuria. Maktaba ilikuwa imefungwa, wanafunzi wamegoma, na mimi nilikuwa nimesimama juu ya meza ya ukumbi wa chakula nikihutubia haki ya kusoma. Nilishangiliwa. Na saa hiyo hiyo, mita mia mbili kutoka pale, mwalimu alikuwa anawaambia waliohudhuria kwamba wastani peke yake ni mwongo.

Darasa ambalo nusu wamepata mia na nusu wamepata sifuri lina wastani wa hamsini, na hamna humo hata mtoto mmoja wa hamsini. Ndivyo lilivyo bomba lako. Namba ya kuteleza ni wastani. Haikuambii minyororo imetawanyika vipi. Plastiki ya zamani ilikuwa na ya kila urefu, mifupi ikiilainishia mashine, mirefu ikishona, na ya kati ikiiunganisha. Wewe ulichukua inayoshona ukaipunguza, ukajaza isiyoshona. Wastani ukarudi. Mishono haikurudi. Hayo niliyasoma baadaye kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, na halikunijia wazo kwamba nilimwachia mtu nusu ya kwanza ikiwa imebandikwa kwenye mashine.

Kwa hiyo usinipe mimi heshima ya hasira. Nilimwita mzee wa watu panya kwa sababu ushahidi ulihitaji mtu, na yeye sikumjua sura. Nilikuwa hodari wa kusema ukweli unaowagharimu wengine. Waraka nimeubandua mwenyewe, mchana, watu wakitazama, nikabandika mwingine unaosema nilimsingizia. Kuna aliyeniuliza, "Umehongwa?" Kwake pia nimeandika, yule mzee. Hajanijibu, wala simdai jibu.

Imebaki barua ya Meneja. Nimeiandika, imo ndani ya bahasha hii, haijafungwa. Ukiipeleka, cheo kinaondoka, na huenda mashine nayo. Usipoipeleka, zahanati itapasukiwa baada ya miezi saba, na hakuna atakayemjua aliyefanya hivyo isipokuwa sisi wawili na mzee mmoja asiye na kazi. Nilisimama mbele ya sanduku la posta nikiwa nayo mkononi. Nikarudi nayo. Ninaogopa, kaka. Sikujua kama ninaweza kuogopa hivi kwa ajili ya mshahara, na woga huo nikaupa majina mengine mazuri.

Sikwambii ufanye nini. Mara ya mwisho nilipokwambia, ulinisikiliza.

Mdogo wako

*

19 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako kwa Meneja sikuipeleka. Ina maneno makubwa, angeniuliza maana yake nikaumbuka.

Nilikwenda mwenyewe Jumatatu, na kipande cha bomba la mama mkononi. Nikasema, "Bwana Meneja, mabomba yale ya uwanjani yasipakiwe."

"Yana nini? Namba yake iko sawa."

"Namba iko sawa. Bomba haliko sawa."

"Aliyechanganya tumekwisha kumwondoa."

"Yupo mbele yako."

Akavua miwani. Akafunga mlango. Akaniambia taratibu, kama anayembembeleza mtoto, "Fundi. Kiwanda kimewaandikia watu wa idara ya maji kwamba tuliibiwa. Wametuonea huruma. Unajua kwamba nikikusikia, sitaweza kujifanya sikusikia?"

Nikamwambia, "Ndiyo maana nasema kwa sauti." Na karani nje alikuwa ameacha kuchapa.

Yaliyofuata nakufupishia. Daftari lilifunguliwa. Mzee Funguo aliitwa, na tarehe zake zikatuonyesha mabomba yote kuanzia Mei hadi Aprili: yapi yapo uwanjani, yapi yamezikwa na mtaa gani. Ya zahanati yamerudishwa kusagwa, yatakuwa ndoo. Yaliyozikwa yatafukuliwa, kuanzia la mama. Mama amenisema mbele ya mafundi wa idara ya maji, eti nilimwonyesha bomba kwa kidole, kwa majivuno, kumbe nilikuwa namwonyesha shimo. Kisha akawaletea maji ya kunywa, mimi akaniruka.

Mzee amerudishiwa kazi yake, nami nilikwenda kumwomba radhi ghalani. Alikuwa anahesabu funguo, hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini bado sijakuamini. Hivyo viwili havitoki ghala moja." Kuhusu wewe alisema barua yako anaijibu polepole, kwa sababu anatafuta makosa ya sarufi na mpaka sasa hajapata, na jambo hilo linamuudhi.

Mimi nimeachishwa. Mashine amepewa kijana wa upande wa ndoo. Nilimwonyesha plastiki ngumu inavyotaka kuendeshwa: skrubu inayosukuma plastiki izunguke taratibu, moto uongezwe kidogo kidogo, usiwe na pupa nayo. Mabomba yanatoka machache. Ndiyo namna yake. Ningeikubali mwaka jana tusingefika hapa. Alipoiwasha niliisikia inanguruma, nikatoka kabla mkono wangu haujaingilia.

Getini mlinzi akaniambia nisimame. Miaka kumi na mmoja hajawahi kunipekua; jana alimwaga begi langu lote juu ya benchi, akakunguta viatu, akafungua hata kopo la mafuta ya kujipaka. Wapakiaji walikuwa wamesimama wanatazama. Hakukuta kitu cha kiwanda. Alikuta barua zako, akachukua moja, akaisoma kuanzia juu hadi chini bila haraka, midomo ikitembea.

"Huyu nani anayekugombeza hivi?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Ni mdogo wangu."

Akaisoma tena, akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akanirudishia. "Pita," akasema.

Kaka yako